Mti, Maji na Makala: Tuulize Mto Sebeya

UKURASA WA MAZINGIRA NA FAMILIA

 

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo watu wanalibishania kila siku pale kwenye foleni ya maji. Mafuriko ya siku hizi yanatoka wapi? Mmoja anasema mvua imezidi. Mwingine anasema ni miti iliyokatwa. Wa tatu anasema eti ni wakimbizi, wao ndio wanamaliza kuni. Basi maneno yanakuwa mengi, madumu yanajaa, kila mtu anarudi nyumbani na jibu lake.

Tuchukue mfano wa Gisenyi, mji ambao leo uko katika Wilaya ya Rubavu. Wengi wetu tulipita hapo tukitoka Goma, na wengine tulilala Nkamira kabla ya kuletwa kambini. Kwa hiyo milima ile tunaijua kwa macho. Tuone inatufundisha nini.

Siku tatu za Mei 2023

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Mto Sebeya, ambao unashuka kutoka milimani na kupita karibu na Nyundo kabla ya kuingia Ziwa Kivu, ulitoka katika njia yake na kuingia majumbani. Milima iliporomoka Rutsiro, Karongi, Ngororero na kwingine. Watu zaidi ya 130 walikufa na nyumba zaidi ya 5,000 zilibomoka. Wengi walikuwa wamelala.

Haikuishia hapo. Tarehe 4 Mei, ng'ambo ya ziwa hilo hilo, maji na mawe yalishuka juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, katika teritwari ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Ilikuwa siku ya Alhamisi, siku ya soko kule Nyamukubi. Maiti zaidi ya 400 zilipatikana, na watu wengi hawakuonekana tena. Wako kati yetu waliopoteza ndugu kule. Tunawapa pole mpaka leo.

Ziwa ni moja, milima inafanana, na msiba umefuatana siku kwa siku. Ndiyo maana swali letu si la mchezo.

Gishwati ilikuwa nini?

Juu ya Sebeya kulikuwa na msitu mkubwa unaoitwa Gishwati. Katika miaka ya 1970 ulikuwa na hekta karibu 28,000. Katika miaka ya 1980 ulikuja mradi mkubwa uliopata pesa za Benki ya Dunia. Sehemu kubwa ya msitu iligeuzwa kuwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya misonobari. Kisha ikaja vita. Baada ya 1994 watu waliokuwa wakirudi kutoka ukimbizini walihitaji mahali pa kukaa na pa kulima, nao wakapewa ama wakachukua ardhi ya msitu. Kufika mwanzo wa miaka ya 2000, msitu wenyewe wa asili ulikuwa umebaki hekta 600 hivi.

Hesabu hiyo ifanyeni na watoto: katika kila hekta 100, zilibaki 2 tu.

Sasa, nani mwenye kosa? Tusidanganyane. Mkimbizi anakata mti, hilo ni kweli. Kati ya 1994 na 1996, wakati wa kambi kubwa za Kibumba, Mugunga, Katale na Kahindo karibu na Goma, kilomita za mraba zaidi ya 100 za msitu wa Virunga ziliharibiwa kwa ajili ya kuni. Lakini Gishwati inatuonyesha upande wa pili: kabla mkimbizi hajafika na panga lake, wataalamu wenye kalamu na pesa walikuwa wamekwisha kuukata msitu. Mwenye njaa na mwenye mradi, wote wawili walikata. Tofauti ni kwamba mwenye njaa ndiye anayekaa bondeni wakati mlima unaanguka.

Habari nzuri ni kwamba watu hawakukata tamaa. Kuanzia 2007 kazi ya kuurudisha msitu ilianza kwa nguvu. Vipande vilivyokuwa wazi viliachwa viote tena, vingine vikapandwa miti. Sheria ya kuanzisha Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura ilitoka, na mwaka 2020 UNESCO iliipa eneo hilo heshima ya kimataifa. Sokwe wanaishi humo. Leo upande wa Gishwati una hekta zaidi ya 1,500. Ni kidogo ukilinganisha na zamani, lakini si 600 tena.

Mlango mmoja, kazi mbili

Sasa twende kwenye elimu yenyewe. Watu wengi wanajua kwamba mti unaleta mvua, na wanajua pia kwamba mti unasafisha hewa. Lakini wanafikiri ni kazi mbili mbalimbali. Kumbe ni kazi moja.

Jani la mti lina matundu madogo sana, huwezi kuyaona kwa macho. Kupitia matundu hayo mti unavuta hewa ya ukaa, ile hewa ambayo sisi tunaitoa tukipumua na ambayo moto unaitoa ukiwaka. Ndani ya hewa hiyo kuna kaboni. Kaboni ndiyo ile nyeusi unayoishika ukigusa makala. Mti unaichukua kaboni hiyo na kujijengea mwili: shina, matawi, mizizi.

Lakini tundu likifunguka kuingiza hewa ya ukaa, maji nayo yanatoka kama mvuke. Mti hauwezi kula bila kutoa jasho. Kwa kila kilo moja ya mwili inayojenga, miti hupitisha maji mamia ya lita kutoka udongoni hadi angani. Mvuke huo unapanda, unakuwa mawingu, na unarudi kuwa mvua mahali pengine. Na jua likizidi ama udongo ukikauka, mti unafunga matundu ili usife kwa kiu. Hapo kazi zote mbili zinasimama pamoja: hautoi mvuke, na haujengi mwili.

Chini nako kuna kazi. Majani yanaanguka, yanaoza, yanakuwa udongo mweusi. Udongo huo umejaa kaboni, na pia ni laini kama godoro, unakunywa maji. Ukiondoa miti, godoro linachukuliwa na mvua. Unapoteza kaboni, na unapoteza uwezo wa kushika maji, siku moja.

Hesabu ya madumu

Tupige hesabu ambayo kila mama anaielewa. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita moja ya mraba, ni lita 1 ya maji. Mvua kubwa ya usiku mmoja inaweza kufika milimita 50. Juu ya hekta moja tu, hiyo ni lita 500,000, yaani madumu 25,000 ya lita 20. Hekta moja!

Kwenye msitu, sehemu ya maji hayo inabaki juu ya majani, nyingine inaingia katika lile godoro, nyingine inashuka polepole chini kwa chini na kutokea kisimani baada ya siku nyingi. Kwenye mlima mtupu uliolimwa kutoka juu kwenda chini, madumu yale yanakimbia yote mara moja, tena yanabeba udongo. Ndiyo maana maji ya Sebeya yanakuwa mekundu wakati wa mvua. Mtambo wa Gihira unaochota maji ya Sebeya kwa ajili ya watu wa Rubavu unapata shida ya kuyasafisha tope likizidi. Kwa hiyo mafuriko yanapita, na siku hiyo hiyo bomba linakauka. Maji mengi nje, maji hakuna ndani.

Tuseme kweli pia: msitu si dawa ya kila kitu. Mvua ikiwa ya ajabu, na udongo umekwisha kushiba kwa siku nyingi, hata mlima wenye miti unaweza kuporomoka. Lakini mlima wenye miti unachelewa, na kule kuchelewa ndiko kunampa mama nafasi ya kuwatoa watoto.

Hesabu ya makala

Na kaboni inapimwaje? Ukichukua kuni kavu, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Kuni kilo 10 zina kaboni kilo 5 hivi. Zikiungua zote, kila kilo ya kaboni inashikana na oksijeni ya hewani, inakuwa hewa ya ukaa karibu kilo 3 na nusu na zaidi. Kwa hiyo mzigo wa kilo 10 unatoa hewa ya ukaa kilo 18 hivi. Wengine watauliza: inakuwaje moshi unashinda kuni kwa uzito? Ni kwa sababu ya ile oksijeni iliyoongezeka.

Makala ni gharama zaidi. Kwenye tanuru la udongo la kienyeji, kilo 1 ya makala inaweza kula kuni kilo 7 ama hata 10. Gunia unaloliona sokoni lilikuwa miti mingi.

Hewa hiyo ya ukaa ikizidi angani inaongeza joto la dunia. Hewa yenye joto inabeba mvuke mwingi zaidi, na ikija kuuachilia, unaanguka kwa nguvu. Ndiyo mzunguko wenyewe. Lakini tusijipige kifua kupita kiasi: mbabula zetu zote kambini ni kitu kidogo mbele ya viwanda, magari na ndege za nchi tajiri. Sisi tunachangia kidogo na tunalipa sana.

Wanaopima wanafanya nini?

Hapa ndipo tunataka msomaji asimame kidogo. Baada ya msiba wa Mei 2023, wanasayansi wa kundi linaloitwa World Weather Attribution walijaribu kujibu swali letu la foleni: je, mvua ile ililetwa na mabadiliko ya tabia nchi? Wakatafuta vipimo vya mvua vya miaka mingi kuzunguka Ziwa Kivu. Na jibu lao lilikuwa kwamba hawawezi kusema. Vipimo havikutosha. Milima ni mingi na vituo ni vichache. Upande wa Rwanda vituo vingi vya mvua vilisimama mwaka 1994 na vilikaa miaka mingi bila kufanya kazi. Upande wa Kongo vita havijatulia.

Hebu tufikiri. Mamia ya watu wamekufa, na dunia haiwezi kueleza kwa uhakika sababu ya mvua ile, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiandika mvua ya kila siku. Wenye haki ya kudai msaada wanaambiwa ushahidi haupo. Kupima si kazi ya wazungu wenye mashine tu. Kupima ni ushahidi wa maskini.

Kuna kazi nzuri inayoendelea. Chuo Kikuu cha Rwanda pamoja na Chuo Kikuu cha Gothenburg cha Uswidi walipanda aina 20 za miti katika mashamba matatu: Sigira, juu karibu na msitu wa Nyungwe, mita 2,400, Rubona, Huye, mita 1,600, na Makera, Kirehe, mita 1,300, wilaya ile ile ya kambi ya Mahama. Kila shamba lina miti 1,800. Akili yake ni rahisi: ukimshusha mti wa mlimani mpaka Makera, ni kama umempeleka katika joto la miaka ijayo. Wanafunzi wanapima unene wa shina, wanahesabu iliyokufa, wanapima majani. Wameona kwamba miti mingi ya msitu mkubwa wa mlimani, ile inayokua taratibu, inafa zaidi kwenye joto, na ile inayokua haraka inavumilia. Maana yake, msitu unaweza kubaki kijani kwa macho lakini umebadilika ndani. Na mwenye kupanda Gishwati leo anahitaji kujua hilo, asije akapanda mti ambao mjukuu wake hatauona.

Kule nyumbani Kongo, huko Yangambi karibu na Kisangani, mwaka 2020 ulijengwa mnara wa mita 55 katikati ya msitu. Ni kazi ya INERA na Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji. Juu ya mnara kuna vyombo vinavyosikiliza upepo mara nyingi katika kila sekunde: upepo unaopanda umebeba mvuke kiasi gani, na unaoshuka umebeba hewa ya ukaa kiasi gani. Ni kama kuweka mkono mbele ya pua ya msitu na kuhesabu unavyopumua. Kabla ya hapo, bonde lote la Kongo halikuwa na mnara wa namna hiyo. Watoto wetu wanaopenda hesabu wajue kwamba kazi hii ipo, na wanaoifanya ni vijana wa Afrika pia.

Ziwa nalo ni ghala

Maji ya Sebeya yanaishia Ziwa Kivu, na ziwa hili lina hesabu yake ya kaboni. Chini kabisa, kwenye kina kirefu, kuna hewa ya ukaa kilomita za ujazo karibu 300 na gesi ya methani karibu 60, zimeyeyuka ndani ya maji. Nyingine inatoka kwenye volkano, nyingine inatengenezwa na vijidudu. Maji ya chini ni mazito na ya chumvi, hayachanganyiki na ya juu, na uzito wa maji ya juu unaikalia gesi kama mfuniko wa sufuria. Huko Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, mfuniko wa Ziwa Nyos ulifunguka na watu zaidi ya 1,700 walikufa. Ndiyo sababu Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na watu wa Goma wakakimbilia Gisenyi na Sake kwa maelfu, hofu ilikuwa pia juu ya ziwa. Ziwa halikulipuka. Lakini mjini Rubavu wapo wataalamu ambao kazi yao ni kulipima, na mitambo inachota methani ili kutoa umeme.

Ninyi mliotoka Goma na Sake mnaijua hewa ya ukaa kwa jina la mazuku. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inakaa mashimoni, hasa usiku na alfajiri. Haina rangi. Inaua mbuzi, inaua mtoto, inaua na yule anayeshuka kumwokoa. Ukirudi nyumbani siku moja, fundisha wanao: mahali penye wadudu na ndege waliokufa bure, hapashukwi.

Na hapa kambini, mbabula isilale ndani ya nyumba iliyofungwa. Makala yakiwaka bila hewa ya kutosha yanatoa gesi nyingine, monoksidi ya kaboni, nayo haina harufu. Familia inalala na haiamki.

Tufanye nini nyumbani?

1. Pimeni mvua. Chukua chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka, kata juu, geuza ile shingo iwe kama mrija wa kumiminia. Mimina maji kidogo chini mpaka yapite ile sehemu isiyo sawa, piga alama ya sifuri, kisha andika milimita kwa rula. Iweke mbali na paa na miti. Kila asubuhi saa moja mtoto asome, aandike katika daftari tarehe na milimita, amwage na kurudisha maji mpaka alama. Daftari la mwaka mmoja ni mali.

2. Punguzeni kuni. Loweka maharagi usiku kucha, funika sufuria, kinga mbabula na upepo, zima moto chakula kikiiva. Katika kambi kadhaa za Rwanda gesi ya kupikia ilianza kuchukua nafasi ya kuni, anayeipata aitunze.

3. Limeni kukata mlima, si kushuka nao. Matuta na majani ya kuzuia udongo yanashika maji na mbolea pamoja.

4. Kingeni maji ya paa. Paa la mita 4 kwa 5, mvua ya milimita 50, ni madumu 50 yanayomwagika bure na kuchimba njia ya jirani. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Basi yashikwe kabla.

Maswali ya kuzungumza jioni

Babu na bibi, mlimani kwenu kulikuwa na miti gani ambayo haipo tena? Kisima kipi kimekauka? Vijana, mkipewa hekta moja ya Gishwati, mngepanda nini, na ng'ombe wangekula wapi? Swali hili la mwisho si rahisi, maana mwenye ng'ombe naye ana watoto.

Tunaomba shule zetu na vikundi vya vijana watuletee madaftari ya mvua kila mwisho wa mwezi. Tutaandika vipimo katika ukurasa huu, sehemu kwa sehemu, tulinganishe. Siku nyingine watu wakibishana kwenye foleni kama mvua imezidi ama haijazidi, mtoto atoe daftari awasomee.

Mbaki na amani. Tutaonana mwezi ujao, Mungu akipenda.